Kofia Mbili za Shangazi Kalo

Kaunti ya Aroostook, Maine
Jumatatu, 8 Novemba 1999

Shikamoo Shangazi,

Leo ni siku yetu ya kufua na kuandika barua. Nguo zimefuliwa na zimeganda kambani kama mbao. Mwenzangu wa utume, Mzee Pratt, amelala na viatu. Huku kila mtu ananiita Mzee Halatoa, maana ndicho cheo cha wahubiri vijana wa kanisa letu; hata bibi wa miaka themanini ananiita Mzee, na mimi sijatimiza hata ishirini na mbili. Nikicheka, Pratt ananikanyaga mguu.

Mavuno ya viazi yamekwisha. Shule zilifungwa ili watoto wakaokote, nasi tukaenda kumsaidia mkulima mmoja, Bwana Normand Cyr. Unajua sheria za utume: hakuna televisheni, hakuna magazeti, simu nyumbani ni Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Mpira wetu wa Kimarekani nao niliambiwa niuache Texas. Lakini sheria hazisemi chochote kuhusu viazi. Basi wakati wa mapumziko nilikuwa narusha viazi kwenye pipa, kwanza karibu, kisha kutoka mwisho wa mtaro. Watoto wakaacha kuokota wakaja kuhesabu. Bwana Cyr alikasirika kidogo, halafu akaniletea gunia la viazi vibovu akasema nivimalize vyote.

Mkono bado upo, Shangazi. Hilo ndilo nililotaka kukwambia.

Sasa nipe habari za Chuo cha Caprock. Wamecheza vipi msimu huu? Kocha Ritter hajambo? Wakati mwingine nikisubiri mtu afungue mlango najikuta nimerudi kwenye ule mchezo wake wa mtawanyo: wapokeaji wanne wametandazwa uwanja mzima, mimi nyuma peke yangu, nageuka kutazama benchi nipewe ishara, mpira unatoka. Ulimuuliza mbele yangu kama nafasi yangu ya kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu, itanisubiri miaka miwili, akasema itasubiri. Ukamuuliza tena, akasema tena. Natembea juu ya neno hilo.

Mtoto wako,
Semisi


Euless, Texas
12 Desemba 1999

Kwako Mzee wa miaka ishirini na moja,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anashona mikeka ya heshima ambayo wajomba zako watajifunga kiunoni kwa ajili ya harusi. Vijana wa shule yako ya zamani walicheza ngoma ya vita kabla ya mechi ya mwisho, na timu ya wageni ilisahau kupiga mpira wa kuanzia mpaka refa akawaamsha.

Caprock wameshinda baadhi ya mechi na wameshindwa baadhi, kama watu wote. Kocha Ritter yupo, mzima, amenenepa, anakusalimu. Anasema nafasi yako iko palepale. Usijitie kutafuta magazeti, ni dhambi kwa mtu wa kazi yako.

Krismasi ukipiga simu nitapokea mimi, kisha nitampa mama yako, na baba yako atakusalimu mwisho kwa ufupi sana maana ana kikohozi.

Viazi vya watu usiviharibu. Kula.

Shangazi yako,
Kalolaine


Aroostook
Jumatatu, 10 Januari 2000

Shikamoo Shangazi,

Nilifurahi kusikia sauti zenu. Baba alisema "mwanangu," kisha akasema "kuna jambo," kisha nikasikia simu ikinyakuliwa na wewe ukiniuliza kama nimevaa soksi. Kikohozi chake hicho kimekuwa kibaya kweli, tafadhali mpelekeni kwa daktari.

Theluji imefika madirishani. Sasa narusha mipira ya theluji kwenye mlango wa ghala la Bwana Cyr.

Kocha Ritter bado anapiga mluzi kwa vidole viwili? Na yule mtoto wake mdogo, bado anashika ubao wa ishara pale benchi? Naomba unieleze kila kitu, usiache hata kidogo.

Mtoto wako,
Semisi


Euless, Texas
22 Januari 2000

Kwa Kocha Boyd Haskins,
Chuo Kikuu cha Caprock

Bwana,

Mimi ni yule mwanamke uliyempa sahani yako chafu.

Ulikuja nyumbani kwa kaka yangu Samiu wiki iliyopita, wewe na msaidizi wako, mkala majani ya magimbi na nyama mpaka mkafungua vifungo, na sikuona ubaya kwa hilo. Ukamvisha kaka yangu kofia ya chuo kichwani kwa mikono yako. Kwetu kichwa cha baba hakiguswi, watoto wake wangeweza kukuambia hilo, lakini walikuwa wanatazama chini kwa aibu. Kisha ukamwambia, kama vile hatujasikia tangu Desemba, kwamba Kocha Ritter amefukuzwa, kwamba wewe umekuja na mtawanyo wako, kwamba umekwisha kumsajili kwotabeki wa Louisiana, na kwamba Semisi akirudi ataupata ufadhili wake wa masomo lakini utamweka kwenye ulinzi. Ulisema, "Vijana wenu wana miili ya ulinzi." Kisha ukanyosha mkono, ukanipa sahani niipeleke jikoni.

Nakueleza mara moja ili usirudie kosa nyumbani kwa mtu mwingine wa visiwa vya Tonga. Mimi ni dada mkubwa wa Samiu. Kwetu dada wa baba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa kaka yake. Samiu ni fundi wa ndege, ana mabega mapana kama mlango, na kwa heshima anayopewa dada kwetu hawezi hata kukaa nami kochi moja. Alipokwambia "tutafikiria," alikuwa ananitazama mimi. Kocha Ritter naye hakujua haya. Alidhani mimi ndiye mama wa mtoto, akaniamkia kwanza. Bahati tu, lakini aliniamkia.

Ni mimi niliyesema Semisi aende utume kwanza, mpira baadaye. Ritter aliomba sana asiende. Mtoto hakunibishia. Sasa yuko kwenye theluji anagonga milango ya watu wasiomtaka, na hajui kitu. Nimeikataza nyumba nzima isimwambie. Nani ataweza kutabasamu mlangoni akijua nafasi yake imekwenda? Moyo unaniuma kila ninapomwandikia uongo, lakini nitaendelea kumwandikia.

Neno langu ni hili. Semisi hatakuwa mlinzi wako. Atarudi kuwa kwotabeki au hatakuja kwako kabisa.

Kalolaine Halatoa


Euless, Texas
30 Januari 2000

Semisi mwanangu,

Kocha Ritter bado anapiga mluzi, tena sasa ni kwa vidole vinne. Mtoto wake amekua, bado anashika ubao. Jumapili walipita hapa wakaleta keki ya malenge. Tuliimaliza.

Amesema mkono wako uutunze. Baba yako anaendelea na dawa.

Shangazi


Aroostook
Jumatatu, 7 Februari 2000

Kwa Kocha Haskins,

Naitwa Semisi Halatoa. Nilisaini na Caprock mwaka 1997, nikacheza msimu mmoja, kisha nikaenda utume. Nitarudi mwisho wa Julai.

Ninajua kwamba Kocha Ritter ameondoka. Mkulima mmoja hapa ana dishi la televisheni kubwa kuliko ghala lake, na siku moja mwezi Desemba alinisikia nikisali kwa ajili ya "Kocha Ritter na timu." Alivumilia mpaka amina, kisha akasema, "Kijana, huyo unayemwombea walimfukuza kabla ya sikukuu." Sikwenda kutazama. Lakini sikuziba masikio pia, na nikamwuliza mengine, akanieleza habari za kijana wa Louisiana na mchezo wako mpya.

Siku ile sikuweza kula. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa, nikajiuliza miaka miwili hii nilimpa nani. Baadaye nikaona kwamba jibu nalijua na halijabadilika, ila bado nilikuwa nataka kucheza. Naona niseme hivyo bila kuzunguka: nataka kucheza, na nataka kucheza nyuma ya mpira, kama kwotabeki.

Sikuombi uniwekee nafasi. Aliyeiweka hayupo, na wewe hukuniahidi. Naomba mwezi Agosti unipange pamoja na yule kijana, utupe mazoezi sawa, ututazame sawa. Ukiona sifai, niweke popote, hata kwenye ulinzi, nami nitacheza bila kinyongo. Mkono wangu ni mzima. Vuli nzima nilirusha viazi kwenye pipa kutoka mwisho wa mtaro, na mkulima ni shahidi.

Ombi la pili ni kubwa zaidi. Shangazi yangu hajui kwamba najua. Ananiandikia habari za Ritter za kutunga, mara amenenepa, mara ameleta keki, na naona jinsi anavyohangaika. Anafanya hivyo ili nisivunjike moyo. Nami naitikia ili yeye asivunjike. Tafadhali usimwambie.

Wako kwa heshima,
Semisi Halatoa


Chuo Kikuu cha Caprock
4 Machi 2000

Kwa Bi. Kalolaine Halatoa,

Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua nne nikazichana zote. Mke wangu alizisoma na akasema zote zilikuwa zinajitetea.

Basi nisijitetee. Nimekaa katika sebule nyingi za watu kwa kazi hii ya kusajili wachezaji, na nina mazoea ya kumtafuta mtu mkubwa kuliko wote chumbani na kuzungumza naye. Kwenu nilimtazama Bwana Samiu, nikadhani nimemaliza. Naona haya kwa sahani ile. Naona haya zaidi kwa lile neno la miili. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanao akirusha mpira. Nilimwona kwenye picha ya timu, nikaamua.

Umeandika kana kwamba mtawanyo wangu na wa Ritter ni kitu kimoja kilichobadilisha mwenyewe. Naomba nikueleze, kwa sababu utaamua. Wote wawili tunatandaza watu uwanja mzima ili walinzi waachane. Ritter anafanya hivyo ili arushe. Kwotabeki wake anageuka kutazama benchi, anaambiwa afanye nini, anafanya. Mimi natandaza ili nikimbie. Kwotabeki wangu ana mpira na ana mkimbiaji kando yake. Anamtazama mlinzi mmoja tu, yule wa pembeni. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kwenda mwenyewe. Mlinzi akisita, anampa mkimbiaji. Hakuna mtu wa benchi anayeweza kumsaidia, muda hautoshi. Nahitaji kijana anayeweza kumsoma mtu usoni na kuamua.

Nimefikiri kwamba kijana ambaye miaka miwili anafunguliwa milango na watu asiowajua, na inambidi ajue mara moja kama abaki au aondoke, huenda ana kitu ninachokihitaji. Na anayeweza kutia kiazi kwenye pipa kutoka mwisho wa mtaro anaweza kurusha pia.

Siahidi nafasi. Naahidi Agosti ya haki kati yake na kijana wa Louisiana. Ukiniruhusu, nitakuja tena Euless niseme hayo mbele yako.

Boyd Haskins


Euless, Texas
9 Aprili 2000

Semisi,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kiazi.

Haskins hakukutaja hata mara moja, amelinda siri yako vizuri. Lakini mambo ya mwisho wa mtaro uliniandikia mimi, na hakuna mwingine Texas nzima aliyejua kwamba unarusha viazi vya watu. Nilisoma mstari ule nikiwa kazini, jikoni kwetu uwanjani tunakopika chakula cha abiria wa ndege, nikaketi juu ya kreti la juisi. Nikacheka, kisha nikalia, msimamizi akanipa mapumziko bila kuomba. Kwa hiyo ulikuwa unajua siku zote! Na ukaniuliza habari za mluzi! Nimekaa hapa natunga mluzi wa vidole vinne, na wewe uko huko unasoma unanichekea. Mtoto mshenzi. Nikikushika.

Baba yako amepona kikohozi siku ileile.

Haskins amekuja. Safari hii alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie. Alikuwa ameambiwa na mtu avae mkeka kiunoni, akaufunga juu chini, tukamwacha hivyohivyo kwa sababu alikuwa anajitahidi. Akaketi chini mbele yangu. Kofia ya chuo aliishika mkononi muda wote. Aliniomba radhi kwa kusema Januari kwamba vijana wetu wana miili ya ulinzi, akasema maneno yake yote kwangu, na alipomaliza kula alisimama mwenyewe akapeleka sahani jikoni, akaiosha. Mama yako aliiosha tena baadaye, lakini aliiosha.

Nilimwuliza, "Huyo mtoto wa Louisiana ulimwahidi nini?" Akasema, "Kitu kilekile nilichokuahidi wewe." Nilimtazama sana. Naamini ni kweli.

Sasa sikiliza, kuna la pili. Wiki iliyopita alipiga simu Ritter, Ritter wa kweli, si yule niliyemtunga. Amepata kazi kwenye chuo kidogo huko Kansas. Hajanenepa. Anasema ahadi yake ni ileile: ukienda kwake, wewe ndiye kwotabeki tangu siku ya kwanza, hakuna wa kushindana naye, na mchezo ni ule unaoujua. Ni mtu wa neno lake na ninamshukuru. Caprock ni safari ya saa nne tu kutoka nyumbani na unaweza kukaa benchi miaka yote. Kansas ni mbali na utacheza.

Watu wote hapa wananisubiri niseme. Baba yako anapita sebuleni kila mara akijifanya anatafuta miwani. Nilikuwa nimekwisha kuamua, nikachukua kalamu nikuandikie jibu, kisha nikaisoma tena barua ya Haskins pale anaposema hakuna mtu wa benchi anayeweza kusaidia.

Nilipokutuma Maine hukuniuliza kwa nini. Ulikunja nguo ukaenda. Na ulipopata habari mbaya kuliko zote hukunililia, ulikaa nayo peke yako, ukamwandikia mtu mzima barua ya kiume, na bado ukanilinda mimi mzee wako. Nimekuwa nikikuonyesha ishara tangu ukiwa na nepi. Safari hii sitaonyesha. Sitakwambia hata ninapenda wapi, na nimemkataza baba yako asikisie.

Neno langu kama dada wa baba yako ni kwamba uamue mwenyewe. Hilo huwezi kunibishia.

Shangazi


Aroostook
Jumatatu, 15 Mei 2000

Shikamoo Shangazi,

Jana kwenye simu ulizungumza na mimi habari za mvua. Nilisubiri angalau ukohoe. Baba naye alinisalimu vizuri mno, kama mtu aliyeapishwa.

Niliisoma barua yako mara nyingi, nikitafuta kidole chako mahali fulani. Niliangalia hata ni chuo gani umekiandika kwanza. Nilikasirika, nakwambia kweli. Miaka yote hii nimezoea kugeuka na kukuta mkono wako umeinuliwa, na siku ninayouhitaji zaidi umeuweka chini ya mapaja. Mzee Pratt alinishauri nifunge siku moja na kusali. Nilifunga. Jioni yake nikala viazi vya Bwana Cyr na bado sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja Alhamisi, mlangoni pa mtu. Alifungua mwanamume aliyekuwa amelia. Kawaida tunaanza na maneno tuliyojifunza. Pratt alifungua mdomo, nami nikamshika mkono. Nikamwuliza yule bwana kama ana kuni za kupasua. Akasema anazo. Tukapasua kuni mpaka giza, hatukuhubiri neno, na alipotuaga akatuomba turudi Jumapili. Nilipokuwa narudi nikagundua kwamba sikugeuka kumtazama mtu yeyote kabla ya kuamua. Na nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyorusha mpira nilioambiwa niurushe.

Kwa Kocha Ritter nitaandika mwenyewe na nitamshukuru. Angenipa nafasi na ningekuwa salama. Lakini nitakwenda Caprock. Kijana wa Louisiana huenda atanishinda, najua. Nikishindwa nitakuwa mlinzi, na nitamwambia Haskins kwamba miili yetu ni ya kila kitu. Ila nataka Agosti ile.

Kama nimekosea, usiniambie. Kama nimepatia, niambie.

Mtoto wako,
Semisi


Euless, Texas
4 Juni 2000

Semisi mwanangu,

Siku niliyokuandikia nilipita dukani nikanunua kofia mbili, ya Caprock na ya Kansas, nikaziweka juu ya jokofu, moja kila upande. Nilikataa kuzigusa mpaka barua yako ifike. Sasa ya Kansas ameichukua baba yako, anakatia nyasi. Aliivaa mwenyewe.

Kama umekosea au umepatia sitakwambia, kwa sababu uliniomba nusu tu ya jibu na mimi sina nusu. Nitakwambia hili: barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Nilipofika kwenye kuni, baba yako aliinuka akaja kukaa kwenye kochi langu. Hajawahi kukaa hapo tangu tulipokuwa watoto. Sikumfukuza.

Ndege yako inafika siku ambayo niko zamu. Nimeomba ruhusa nisimame mlangoni mnapotokea. Mama yako atalia, baba yako atajifanya anatafuta mizigo. Kofia ya Caprock ninayo mimi. Umekuwa mrefu, nasikia, na mikono yangu haifiki tena juu. Ukiniona, inama.

Shangazi yako,
Kalo